Nzuri, ila

Ukimuuliza mtu wa kwetu "habari za nyumbani?" atakujibu "nzuri". Kisha atavuta pumzi aseme, "Ila baba kalazwa tangu juzi." Hapo mwanzo hakusema uongo. "Nzuri" ni mlango tu, habari yenyewe imekaa ndani, na aliyelelewa vizuri anajua kusimama mlangoni akangoja. Kisa hiki, ukikikamua, ni cha mtu aliyejibu "nzuri" kwa wiki kumi na tano mbele ya watu wasiojua kuwa kuna "ila" inayofuata.

Mwenye kisa ni binti wa mama yangu mdogo. Jina nimeliacha. Uchambuzi huu ameusoma na kuniruhusu, isipokuwa sehemu moja aliyonitaka niifute, nami nimeifuta. Ana miaka 27, kasomea uhasibu, na kwa miaka mitatu alikuwa akishika vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo kwa laki sita kwa mwezi. Mwishoni mwa 2023 akapata kazi ya mbali katika ofisi ndogo ya uhasibu kwenye mji mmoja wa jimbo la Ohio, Marekani, inayowaandikia hesabu wafanyabiashara wadogo. Mshahara dola 850, ambazo kwa wakati ule zilizidi milioni mbili za kwetu. Mama mdogo alichinja kuku. Mimi nilikuwa na miaka sita kwenye kazi za namna hiyo, basi nikateuliwa kuwa mshauri bila kuulizwa.

Alianza Jumatatu ya tarehe 8 Januari 2024. Asiye mhasibu ataiona ni tarehe kama nyingine. Kwa ofisi ya hesabu ya Marekani huo ni moto. Ifikapo 31 Januari, kila biashara iliyomlipa kibarua huru dola 600 au zaidi katika mwaka uliopita ilitakiwa iwe imemwandalia fomu iitwayo 1099-NEC, nakala moja kwake na nyingine kwa mamlaka ya kodi. Hapohapo hesabu za Desemba hazijafungwa. Ni kama kuajiriwa dukani Kariakoo siku tatu kabla ya Idi, ukaambiwa "ukikwama uliza", na kila unayetaka kumwuliza ana wateja watano mbele yake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa jembe siku ya kwanza, saa moja baada ya kuingia, na hakuna aliyemwonyesha shamba liko upande gani. Alipewa nywila za QuickBooks, programu ya kuandikia hesabu, akaunganishwa na Slack, ile ya kutumiana ujumbe wa kazi, akatumiwa video ya dakika arobaini inayoeleza ofisi ilivyoanzishwa, na orodha ya wateja kumi na wanne. Yule mama wa ofisi ile aliyemsaili, akampenda na kumwajiri, alimwandikia ujumbe mzuri wa kumkaribisha. Mkumbuke huyo mama, atahitajika mbele.

Nieleze jambo moja kwa kirefu kidogo, maana wengi hudhani kulemewa kazini ni wingi wa kazi basi. Miongoni mwa wale kumi na wanne alikuwamo mfanyabiashara wa mishumaa anayeuza kwa njia ya mtandao. Kwetu Tanzania Bara mhasibu anaijua VAT, kodi ya ongezeko la thamani: asilimia 18, risiti ya mashine ya EFD, kila mwezi unapeleka ritani. Marekani hakuna VAT ya nchi nzima. Kila jimbo lina kodi yake ya mauzo. Ohio inatoza asilimia 5.75, na juu yake wilaya nazo zinaongeza zao. Oregon haitozi hata senti. Mshumaa uleule, boksi lilelile, hesabu mbili. Fedha ikishaingia benki inaonekana jumla: bei ya mshumaa na kodi pamoja. Binti akaziandika zote kuwa mapato. Kosa hilo kwa VAT ya kwetu asingelifanya hata usingizini, kwa sababu kila mtu anajua ile si yako, ni ya serikali, umeishikilia tu. Lakini kwenye taarifa ya benki ya Ohio hakuna kitu kilichomkonyeza kwamba humu ndani kuna fedha ya mtu.

Aligundua mwenyewe, Februari. Akarudi nyuma akarekebisha miezi yote usiku kucha, hakumwambia mtu. Nilipomwuliza kwa nini, akaniambia: "Ningesema, wangejua sijui."

Umeme nao. Wakazi wa Dar wanaikumbuka Januari ile ya mgawo. Alipanga chumba Tabata, wapangaji sita, LUKU moja. Kazi ilianza saa 11 jioni yetu, ambayo kwao ni saa tatu asubuhi, ikaisha saa 7 usiku. Umeme ukikatika saa 2, anabeba kompyuta na ruta mpaka kwa muuza chipsi mwenye jenereta, analipa buku, anapewa waya na kigoda kando ya karai. Nilimkuta pale siku moja, Jumatano ya tarehe 24 Januari. Kaweka kitenge juu ya kioo cha kompyuta kuzuia matone ya mafuta, kiini cha jicho hakitikisiki, analinganisha daftari la fundi bomba wa Ohio na taarifa yake ya benki. Malipo ya dola 312 hayana risiti. Ameuliza kwenye Slack saa 1:40. Saa 3 kasoro jibu limekuja. Ni dole gumba.

"Maana yake nini?" akaniuliza.

Sikujua. Tukalitazama wote wawili lile dole la njano. Muuza chipsi naye akachungulia, akasema, "Si kakubali?" Kakubali nini sasa, wakati swali lilikuwa "niiandike wapi?"

Madole ya namna hiyo aliyapata mengi. Siyo kwamba watu wa ofisi ile walikuwa wakali. Hakuna hata mmoja aliyemfokea, hakuna aliyemdhulumu kwa kusudi, na mshahara uliingia tarehe moja kila mwezi, jambo ambalo bosi wake wa Kariakoo hakuwahi kuliweza. Hilo ndilo lililomchanganya zaidi. Ukidhulumiwa unajua umkasirikie nani. Ukitendewa kwa upole huku unazama, utamkasirikia nani kama si wewe mwenyewe?

Februari alinipigia simu akasema kazi ni ngumu. Nikamwambia maneno ambayo dada wote wa ukoo huwaambia wadogo zao: vumilia, kazi mpya ndivyo ilivyo, mimi mwaka wangu wa kwanza nililia chooni. Ulikuwa ushauri mbaya. Nilimfungia mlango akiwa ndiyo kwanza anaufungua, nikajiona nimemtia moyo.

Kuna baya zaidi la kwangu. Desemba, kabla ya usaili, alinionyesha maswali aliyotumiwa. Mojawapo: una umeme na intaneti ya uhakika? Akaniuliza ajibu nini. Nikamwambia, "Sema ndiyo, mengine utajipanga." Akasema ndiyo. Tangu siku ile kila umeme ulipokatika haikuwa dharura tena, ilikuwa siri. Hakuweza kuandika "naomba saa moja, giza", kwa kuwa giza alishalikana kwenye usaili. Kazi ikawa inaingia kwa mafungu: jioni kimya, saa 9 usiku mafaili kumi kwa mpigo. Bosi wa ofisi, siye yule mama aliyemsaili, baadaye sana alimwambia alidhani yeye ni mtu anayependa kufanya kazi usiku wa manane.

Machi ikaja na kituko chake. Jumapili ya tarehe 10 Wamarekani walisogeza saa zao mbele, kama wafanyavyo kila mwaka. Mkutano wa Jumatatu uko palepale, saa tatu asubuhi yao. Kwao hakuna kilichobadilika, ndiyo maana hakuna aliyefikiri kumwambia. Kwetu saa 11 jioni iligeuka saa 10. Aliingia tarehe 11 saa 11 kamili, kajitanda vizuri, kachagua ukuta usio na ufa, akakuta mkutano umekwisha. Bosi alimwandikia kwamba hawakumwona. Akajibu samahani, haitatokea tena. Hakueleza sababu, na bosi hakuuliza. Kesho yake Ramadhani ikaanza.

Hapa ningeomba msomaji aache kumhurumia kidogo ajiulize: sentensi moja, "Afrika Mashariki hatubadilishi saa, kwangu mkutano umehama", ingemgharimu nini? Hakuna. Lakini kufikia hapo alishazoea kujibu kila jambo kwa samahani, na samahani haina habari ndani yake. Ni kama "nzuri", inafunga mazungumzo.

Sikukuu ya Idi, Jumatano ya tarehe 10 Aprili, tulikusanyika kwa mama mdogo. Siku tano mbele ni 15 Aprili, siku ya mwisho ya ritani za kodi Marekani, kwa hiyo yeye alikuwa chumbani na kompyuta wakati sisi tunakula pilau. Alitoka kunywa maji, macho mekundu. Nikamwuliza, "Habari za kazi?"

"Nzuri, dada."

Safari hii nilisimama. Sikuongeza neno. Ikapita kama dakika nzima, watoto wanapiga kelele uani.

"Ila nadhani mimi ni mjinga."

Tulikaa jikoni. Kumbe anafanya kazi saa sitini na mbili kwa wiki kwa mkataba wa saa arobaini. Shirika la Afya Duniani na lile la Kazi Duniani walitoa uchunguzi wao wa pamoja mwaka 2021: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, hatari yake ya kiharusi inazidi kwa asilimia 35 ile ya wa saa 35 hadi 40, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17. Nilimtajia. Akacheka, akasema tatizo si saa. "Kariakoo wakati wa kuhesabu stoo tulikuwa tunalala dukani, mbona sikuwa hivi?"

Swali zuri kuliko majibu yangu yote ya Februari, na ndilo hasa la kuchambua.

Mwanasosholojia wa Kimarekani, Robert Karasek, mwaka 1979 alichapisha hoja kwa kutumia takwimu za wafanyakazi wa Marekani na Sweden: mzigo mkubwa peke yake haumvunji mtu, kinachomvunja ni mzigo mkubwa pamoja na kutokuwa na amri juu ya kazi yake mwenyewe. Mwaka 1988 Jeffrey Johnson na Ellen Hall wakaongeza la tatu: je, kuna mwenzako wa kukushika mkono? Mwenye mzigo, asiye na amri, aliye peke yake, huyo ndiye hali yake mbaya kuliko wote. Ukiipima kazi ya Kariakoo kwa mizani hiyo, mzigo ulikuwapo, amri ilikuwa ndogo, lakini bosi alikaa mita nne kutoka mezani kwake. Binti akiinua macho na kusema, "Bosi, ile ya Mwanza tumeshailipa?" bosi anajibu kwa nyusi tu, na simu iko sikioni. Msaada wa kazini kwa sehemu kubwa ni huo, kuinua macho ukakuta mtu. Hauandikwi kwenye mkataba, wala hakuna anayekumbuka kuutaja anapohama kazi. Kwenye kazi ya mbali ukiinua macho unaona ukuta wa Tabata. Msaada wote uliokuwa unakujia bure inabidi mtu aukalie chini, aupangie saa, aupe mwenyewe. Usipopangwa haupo.

Sikutaka kukisia, kwa hiyo nilimpa kazi ndogo. Siku tatu, Alhamisi, Ijumaa na Jumatatu ile ya tarehe 15, kila anapokwama aandike mstari kwenye daftari la shule: saa ngapi, nafanya nini, nimekosa nini, nani anacho. Jumanne akaniletea. Mistari 23. Mitatu ilikuwa ya kwake, uchovu na kusahau. Sita ilikuwa ya kusoma, kama ile ya kodi za majimbo, ambayo angetulia angejifunza. Kumi na minne iliyobaki ilikuwa vitu ambavyo hata angekuwa profesa asingevijua: mteja huyu kakubaliana nini na ofisi, nywila ya benki ile kapewa nani, dola hizi ni mkopo au ni mtaji wa mwenye duka. Vitu vya kuambiwa.

Nikatazama safu ya mwisho, ya "nani anacho". Kwenye ile kumi na minne, kumi na moja ameandika "sijui".

Nilimgeuzia daftari. "Wewe si mjinga. Hujui kazi ya kukujibu ni ya nani." Alikaa kimya, akahesabu upya kwa kidole, kama mhasibu.

Ujumbe kwa bosi tuliuandika pamoja Alhamisi ya tarehe 18, tukagombana. Rasimu yake ilianza na mistari minne ya samahani: samahani kwa usumbufu, najua mna kazi nyingi, sitaki kuonekana nalalamika, nashukuru sana kwa nafasi hii. Nilifuta yote. Akarudisha mmoja. "Mtu mzima huyo, dada, siwezi kumwingilia hivihivi." Sawa, ukabaki mmoja. Kuhusu umeme tulibishana zaidi, na hapo nilipaswa kunyamaza, maana uongo ule niliutunga mimi. Hatimaye akaandika hivi, nami naufasiri jinsi ulivyo:

"Natumaini mmepumzika baada ya tarehe 15. Kwa siku tatu nimeandika kila nilipokwama. Mara 14 jibu lilikuwa kwa mtu wa ofisini na mara 11 sikujua ni nani. Naomba nitajiwe mtu mmoja wa kumwuliza kila siku, na dakika thelathini za kuzungumza wiki ijayo. Jambo jingine: kwenye usaili nilisema nina umeme wa uhakika. Januari na Februari haukuwa wa uhakika, na sikusema. Sasa umetulia. Ukikatika nitawaarifu saa ileile."

Umeme ulikuwa kweli umetulia. Mwishoni mwa Februari mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, wa megawati 235, ulishaingizwa kwenye gridi, na mgawo ukaanza kulegea. Ni rahisi zaidi kukiri jambo likishapita. Simlaumu.

Alipobonyeza kutuma mikono ilimtetemeka. Nusu saa baadaye likaja dole gumba, nikataka kuirusha kompyuta dirishani. Lakini chini yake palikuwa na maneno: Jumatatu, saa tatu asubuhi na nusu. Na kwenye mabano, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, mtu kaandika saa hiyo kwetu ni saa ngapi.

Kikao cha tarehe 22 kilichukua dakika ishirini na tano, watu watatu: yeye, bosi, na mhasibu mwandamizi wa ofisi. Bosi aliuliza, "Maswali yako ulikuwa unamwuliza nani?" Akajibu, "Wewe." Bosi akageuka kwa mwandamizi: nilijua wewe ndiye unayemwongoza. Mwandamizi akasema: mimi nilijua ni wewe. Yule mama aliyemwajiri, yule wa ujumbe mzuri, aliacha kazi mwisho wa Januari. Kumwongoza mgeni ilikuwa kazi yake, akaondoka nayo. Hakuna aliyeipokea kwa sababu hakuna aliyejua ipo. Kila mmoja alipoona swali aliweka dole, akimaanisha: nimeliona, mwenzangu atajibu. Wiki kumi na mbili za dole.

Wako watakaosema ofisi ile haikuwa na makosa, ni bahati mbaya. Mimi sikubaliani nao. Ofisi inayoajiri mtu aliye kilomita elfu kadhaa, kwenye mwezi wake mbaya kuliko yote, halafu mwenye dhamana naye akiondoka hakuna anayeuliza "na yule binti anashikwa na nani?", hiyo ni ofisi iliyonunua kazi bila kutaka kumbeba mfanyakazi. Upole wao hauondoi hilo. Na ushauri unaozagaa kila mahali kwa watu wa kazi za mbali, weka mipaka, funga kompyuta saa kumi na moja jioni, fanya mazoezi, ungemsaidia nini? Saa kumi na moja jioni ndiyo wenzake walikuwa wanafungua ofisi.

Watu huniuliza pia kuhusu sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na kazi ya kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi ina nyongeza yake, isiyopungua asilimia 5 ya mshahara. Mkataba wake yeye unamwita kibarua huru, siyo mwajiriwa. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo hakidanganyiki kirahisi kwa jina: mtu akipangiwa saa, akiongozwa namna ya kufanya kazi, akimtegemea mtu mmoja kwa kipato, anahesabiwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vingine. Kwa mwajiri aliyeko Ilala hiyo ni silaha. Kwa ofisi ya Ohio isiyo na hata sanduku la posta hapa nchini, utaipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na hati ya wito umpelekee nani? Nilimweleza hivyo hivyo, bila kupaka rangi. Nguvu yake haikuwa kwenye sheria, ilikuwa kwenye lile daftari la shule.

Kikao kilizaa haya. Mwandamizi akawa wake: nusu saa kila siku kwa wiki mbili, baadaye mara mbili kwa wiki. Wateja wakapunguzwa kutoka kumi na wanne hadi tisa mpaka Julai. Wakapeana namba za simu za kawaida. Mwandamizi, mama wa makamo, wiki ya kwanza alimwuliza kila siku "vipi?" akajibiwa "nzuri" kila siku. Binti akaamua kumfundisha. Alimweleza kwamba kwetu hiyo ni salamu, ukitaka habari uulize mara ya pili. Yule mama alicheka sana, kisha akawa anauliza mara mbili kweli, ya pili kwa sauti nyingine. Ndipo lilipotoka hata lile la mishumaa. Mwandamizi alilikagua akasema marekebisho ni sahihi, ila robo moja ya mwaka aliisahau. Waliirekebisha kwa dakika kumi.

Jumapili ya tarehe 12 Mei nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ya nchi nzima ikawa inakuja na kupotea kama mgonjwa wa homa. Jumatatu jioni Slack haifunguki. Ingekuwa Februari angezunguka mji mzima na ruta kichwani. Safari hii alituma meseji ya kawaida: nyaya za baharini zimekatika, si kwangu tu, ninachoweza kufanya bila mtandao ni hiki na hiki, kingine kingoje. Akajibiwa ndani ya robo saa. Akalala saa 4 usiku. Aliniambia hicho ndicho kilichomshangaza kuliko vyote, kwamba alilala.

Yako ambayo hayakunyooka. Bado ana tabia ya kufungua kazi saa 3 asubuhi yetu "kidogo tu". Mshahara haukuongezwa. Na zile saa za ziada za Januari hadi Machi zilikwenda na maji, kwa kuwa kabla ya daftari hakuwa na kumbukumbu yoyote ya kuonyesha. Nilimsukuma adai angalau za Aprili, ambazo alikuwa nazo kwa maandishi. Mwezi Juni alituma ankara. Kwa kiwango chake saa moja haifiki hata dola tano, jumla ikawa dola 186. Walimtumia dola 100. Yeye alifurahi, akanunua betri ya kuendeshea ruta umeme ukikatika, akamwambia mama mdogo kuwa wale watu wana roho nzuri. Mimi ile karatasi ya malipo nimeitazama mara nyingi kuliko yeye. Kwenye ankara aliandika "saa 38 za ziada". Wao, sehemu ya maelezo ya malipo, waliandika "shukrani".